Shule ya filamu ng'ambo: Prague, Beaconsfield au DocNomads?

Kijana tunayehariri naye video za harusi pale Sinza alinijia wiki iliyopita na simu yake, kafungua kurasa kumi na moja za shule za filamu, zote ng'ambo. "Kaka, ipi kali hapa?" Nikamwambia zote kali. Akaniangalia kama mtu aliyeagiza chipsi akaletewa menyu.

Lakini ndiyo hivyo. Ukifika kwenye majina makubwa, tofauti ya ubora si ya kumuumiza kichwa mtu ambaye bado hana hata pasipoti. Kinachotofautiana ni namna ya kulipa. Iko shule inayotaka pesa yako. Iko isiyotaka pesa ila inataka miaka yako, maana utakaa chini ujifunze lugha ya wenyewe mpaka uweze kubishana kwayo. Na iko inayokulipia wewe kila kitu, lakini mlangoni mmebanana watu wa dunia nzima. Ya bure sijaiona. Nimechukua tatu, kila moja kwa aina yake, nizilinganishe kwa maswali ambayo ningeshukuru mtu kunijibu kabla sijatupa pesa ya maombi mara ya kwanza.

Zenyewe

FAMU ipo Prague, Jamhuri ya Cheki. Imeanza mwaka 1946, na makao yake ni jumba la kale linalotazamana na Ukumbi wa Taifa wa Maigizo, chini yake kuna mgahawa mashuhuri uitwao Slavia. Miloš Forman alisoma pale, Věra Chytilová pia, na wageni kama Emir Kusturica wa Sarajevo na Agnieszka Holland wa Poland. Shule hii ina milango miwili, na wengi wetu huuona mmoja tu. Mmoja ni masomo ya Kicheki, katika idara zote: uongozaji, upigaji picha, uhariri, sauti, dokumentari, katuni, uandishi, uzalishaji. Mwingine ni FAMU International, unaofundisha kwa Kiingereza na una ada. Nitakaposema Prague nitataja ni mlango upi, kwa sababu ni kama shule mbili.

NFTS, yaani National Film and Television School, ipo Beaconsfield, mji mdogo nje ya London ambao treni yake inatoka stesheni ya Marylebone. Ni ya mwaka 1971, ndani ya studio halisi za filamu, na masomo yake makuu ni shahada za uzamili za miaka miwili. Roger Deakins mpiga picha ametoka pale, Lynne Ramsay pia. Nick Park alianza filamu ya kwanza ya Wallace na Gromit, wale wanasesere wa udongo, kama kazi yake ya kumalizia shule. Hilo huwa nawatajia wanaoniambia filamu ya shule haiendi popote.

DocNomads si shule, ni shahada ya uzamili ya miaka miwili inayoendeshwa na vyuo vitatu kwa pamoja: Lusófona cha Lisbon, SZFE cha Budapest na LUCA cha Brussels. Jina linasema yote, mnahama. Muhula wa kwanza Lisbon, wa pili Budapest, wa tatu Brussels, wa nne ni filamu ya kumalizia. Ni ya waongozaji wa dokumentari peke yao. Anayetaka filamu za kubuni anayo ndugu yake, KinoEyes, na mpiga picha anayo Viewfinder. Zote zimezaliwa ndani ya mpango mmoja wa Umoja wa Ulaya, Erasmus Mundus, na ninayosema kuhusu pesa za DocNomads yanagusa ukoo mzima.

Pesa

Tuanze na Beaconsfield kwa kuwa ndiyo rahisi kueleza: ni ghali. Mwanafunzi wa nje hulipa makumi ya maelfu ya pauni kwa mwaka, kabla hujala wala hujalala. Katika kuitetea, ada hiyo haiishii kwenye viti na ubao. Shule hutoa bajeti ya kutengenezea filamu, studio, kamera, vyumba vya sauti, na wapiga picha, wahariri na watunzi wa muziki wa darasa lingine wanaokuhitaji kama unavyowahitaji. Ukikaa ukapiga hesabu ya kukodi vifaa hivyo hapa mjini, ada inaanza kueleweka. Kueleweka, sijasema kulipika.

Halafu kuna zile pesa za pembeni ambazo hakuna anayekuambia mpaka ufike kwenye fomu. Uingereza inamtoza mwanafunzi pauni 776 kwa kila mwaka wa viza kama mchango wa huduma za afya, na unalipa zote mara moja unapoomba. Kwa kozi ya miaka miwili, pamoja na ile miezi ya ziada ya viza, inakaribia pauni 2,000 kabla hujapanda ndege.

Wengi hapo hunijibu, "Si nitaomba Chevening." Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hulipia uzamili wa mwaka mmoja tu. NFTS ni miaka miwili. Havikutani. Nimemwona mtu akiandika insha zote za Chevening usiku kucha, nzuri kabisa, kwa ajili ya kozi ambayo ufadhili wenyewe hauigusi. Ukitaka Chevening, tafuta kozi ya mwaka mmoja, kwa mfano ile ya filamu ya Goldsmiths pale London, na ujue wanataka uwe umefanya kazi saa 2,800, sawa na miaka miwili hivi, na kwamba ukimaliza lazima urudi nyumbani ukae miaka miwili. Sharti la kurudi mimi naliona zuri. Wapo wanaoliona kama kifungo.

Prague kwa Kicheki: ada hakuna. Sheria ya Cheki haiulizi uraia wako. Ukisoma kwa Kicheki kwenye chuo cha umma ndani ya muda wa kawaida wa kozi, hulipi ada ya masomo. Mtanzania, Mkongo, Mjerumani, wote sawa. Utalipa chumba, chakula na ule mwaka wa lugha, nao una ada yake. Prague kwa Kiingereza ni habari nyingine: unalipa, na si kidogo, ingawa haifiki bei ya Uingereza wala Marekani.

DocNomads ukipata ufadhili, ada inafutwa na unapewa euro 1,400 kila mwezi kwa miezi 24. Jumla euro 33,600. Humo utoe nauli, viza, kodi ya nyumba na kuhama nchi tatu, hivyo usianze kumuahidi mama kiwanja. Tena ipo kanuni moja ambayo wachache huisoma: ufadhili wa Erasmus Mundus hauruhusiwi kuzidi asilimia 10 kwa watu wa uraia mmoja. Nchi zinazotuma maombi kwa wingi hukutana na dari. Sisi dari hiyo tunaitazama kwa mbali sana, na hilo lina faida kwetu.

Ukiletewa barua ya pongezi, soma mpaka mstari wa mwisho. Kuna kukubaliwa na ufadhili, kuna kuwekwa akiba, na kuna kukubaliwa kwa kujilipia. Barua hizo tatu zote zinaanza kwa furaha ileile.

Jambo la mwisho la pesa, nalo ni la mjomba. Karibu kila familia ya pwani ina mjomba Muscat au shangazi London aliyesema "mtoto asome, mimi nipo." Viza ya mwanafunzi ya Uingereza hamtambui mjomba. Pesa iwe kwenye akaunti yako au ya mzazi au mlezi wa kisheria, na iwe imelala humo siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango. Mjomba akituma leo na ombi likaenda kesho, hiyo pesa ni kama haipo. Mwambieni mapema, kwa heshima, kwamba ukarimu wake unahitaji kutangulia mwezi mmoja.

Lugha

Hapa ndipo watu hudanganyika na neno "bure".

Kicheki kina hali saba za nomino, yaani jina la kitu linabadilika mkia kutegemea kama kimefanya, kimefanyiwa, kimeitwa au kimetumika. Sisi tuliokua na ngeli tusilalamike sana kuhusu lugha za watu, lakini ngeli tulinyonya na maziwa, hizi utazijifunza ukiwa na miaka ishirini na kitu. Kusturica na Holland walisoma pale wakiwa wageni, kweli, ila lugha zao ni binamu wa Kicheki. Chuo Kikuu cha Charles kina mwaka wa maandalizi ya lugha, kimojawapo cha vituo vyake kipo mji wa Poděbrady, na ukiwa na bidii unaweza kutoka hapo ukiwa unaweza kufuata somo. Kufuata somo si sawa na kumwongoza mwigizaji. Mwongozaji anafanya kazi kwa maneno: anamwambia mtu "si hasira hiyo, ni aibu," na mtu aelewe tofauti. Kwa uongozaji na uandishi naona mwaka mmoja wa lugha ni mdogo mno. Kwa upigaji picha, uhariri, sauti na katuni inawezekana, kwa sababu mkono wako utasema kwa niaba yako mpaka ulimi ufike.

Ujerumani ni hesabu ileile. DFFB ya Berlin na chuo cha filamu cha Babelsberg pale Potsdam ni za umma na hazina ada ya kutisha, ila lugha kuu ni Kijerumani, na viza inataka akaunti maalumu yenye euro 11,904 kwa mwaka wa kwanza. Jimbo la Baden-Württemberg, kilipo chuo cha filamu cha Ludwigsburg, linawatoza wanafunzi wa nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula.

NFTS ni Kiingereza tupu. Kama shahada yako ya kwanza ulisoma kwa Kiingereza, vyuo vingine hukusamehe mtihani, vingine havisamehi. Uliza kwa barua pepe na utunze jibu.

DocNomads darasani ni Kiingereza, mtaani siyo. Unatua Lisbon, wiki chache baadaye unatakiwa umpate Mreno atakayekuruhusu uingie jikoni kwake na kamera, na wewe Kireno chako ni "asante" na "habari za asubuhi". Wapo wanaokwama hapo. Wapo wanaong'aa, hasa wale waliozoea kuingia nyumba za watu. Mimi naamini mtu aliyepiga harusi na misiba ya uswahilini miaka mitano anajua kukaa kimya kwenye chumba cha mgeni kuliko mhitimu yeyote. Hiyo ni ada ambayo tayari umeshailipa.

Wanachotaka ulete

Ningekuwa na dakika tano tu na yule kijana, zote ningezitumia hapa.

Mara ya kwanza nilipoomba shule moja, nilituma video ya harusi. Ilikuwa nzuri, siwezi kuisema vibaya: droni inapanda juu ya Coco Beach, bibi harusi anageuka polepole, taa za ukumbini zinawaka kwa mdundo. Dakika tatu na nusu. Nikaandika na barua ndefu kwamba nina ndoto ya kusimulia hadithi za Afrika kwa ulimwengu. Jibu lilikuwa mistari miwili. Nilinuna mwezi mzima, nikasema hawa wana ubaguzi.

Mwaka uliofuata nilienda Kariakoo kuchukua suruali kwa fundi cherehani. Haikuwa tayari. "Njoo kesho." Nikakaa barazani kwake nikisubiri mvua ipungue, na katika saa moja ile wakaja watu sita, kila mmoja kwa nguo yake, kila mmoja akaambiwa kesho, na kila kesho ilikuwa na sura yake. Mama mmoja mtu mzima aliipata kwa unyenyekevu, na kiti cha kukalia. Kijana wa makamo aliipata kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyechelewesha. Binti mmoja alichekeshwa mpaka akasahau kilichomleta. Nikarudi siku tatu mfululizo na simu yangu, nikaiegemeza kwenye mzigo wa vitenge, kwa ruhusa yake, nikapiga. Dakika sita, bila muziki, bila droni. Cherehani, mikono, "kesho". Mwishoni anakuja mtu kumdai fundi kodi ya fremu, na safari hii anayesema kesho si fundi.

Kwa filamu hiyo niliitwa kwenye usaili. Walichoniuliza kwa nusu saa nzima ni kwa nini kamera ilikuwa chini vile, na kwa nini sikumhoji fundi. Hakuna aliyeuliza nilitumia kamera gani.

Sisemi hivi kujisifu. Shule zote hizi tatu zinatafuta kitu kimoja: mtu anayeona. Zinakitafuta kwa njia tofauti. La Fémis ya Paris, ambayo simo kuilinganisha leo, ina mtihani maarufu ambao huanza kwa kukupa mada chache, mara nyingi neno moja moja tu, uchague moja, utoke mtaani ukaichunguze, urudi na jalada la maandishi na picha. Neno kama "foleni" au "deni". Hata kama huendi Paris, jipe zoezi hilo nyumbani; likikushinda hapa Mbagala unapopajua, Ulaya halitakuwa rahisi. (Paris wana na kikomo cha umri, miaka 27 kwa mtihani wa jumla, na lugha ni Kifaransa. Ndugu zetu wa Bukavu, Goma na Bujumbura wako mbele yetu hapo, wapige hesabu zao.)

FAMU kwa Kicheki hupitisha watu kwenye mchujo wa vipaji wa hatua kadhaa, na mpiga picha ajiandae kwa picha za mnato, siyo video peke yake. NFTS wanaomba kwa idara, hivyo mhariri huomba kama mhariri; usiombe uongozaji kwa sababu tu jina linavutia nyumbani. Viti vya uongozaji ni vya kuhesabu kwa vidole na kila mtu anavitaka, ilhali Tanzania, Kenya na Uganda zina njaa ya watu wa sauti. Sikiliza filamu zetu nyingi: feni inashinda mazungumzo. Mtu akienda kusomea sauti akarudi, hatakaa bila kazi hata wiki mbili.

DocNomads wanataka kazi zako za nyuma, barua na usaili, na wanataka shahada ya kwanza. Ya fani yoyote, hata uhasibu, lakini shahada. Mwenye stashahada ya Bagamoyo pale TaSUBa au ya KIMC Nairobi, hata awe na mkono wa dhahabu, mlango huu kwake bado. Hili linauma, na nimeona watu wenye filamu nzuri kuliko zangu wakiishia kwenye kisanduku kimoja cha fomu.

Kuhusu barua za wanaokufahamu: mkurugenzi wa kituo ulichofanyia kazi miaka mitatu ni bora kuliko profesa aliyekufundisha muhula mmoja na hakumbuki sura yako. Barua inayosema "ni kijana mwenye nidhamu" haimsaidii mtu. Mwombe aandike siku ile ulipofanya jambo fulani.

Na wakala. Mmoja, simtaji, alimla rafiki yangu laki tatu kwa "kumfungulia faili" la chuo cha Ulaya. Faili lenyewe lilikuwa fomu ya mtandaoni ambayo mtu hujaza mwenyewe na kuweka barua pepe yake. Shule zote nilizozitaja hapa huombwa moja kwa moja. Hakuna mlango wa nyuma unaouzwa.

Viza na kuishi

Uingereza: utapimwa kifua kikuu kwenye kliniki waliyoiidhinisha, na cheti chake hudumu miezi sita, kwa hiyo usiwahi mno. Tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa kufundishwa haruhusiwi kwenda na mume, mke wala watoto. Kwa mtu mwenye familia changa hilo peke yake linatosha kuamua.

Lingine linahusu watu wa kamera hasa. Viza ya mwanafunzi ya Uingereza hukuruhusu kuajiriwa kwa saa zilizowekwa, ila inakataza kujiajiri. Nasi kazi zetu zote ni za kujiajiri. Ukienda kupiga harusi ya Wabongo wa mji wa Reading Jumamosi moja na kulipwa, umevunja masharti, hata kama bwana harusi ni binamu yako. Pesa ya chaneli ya YouTube nayo inaangukia humohumo. Wengi hupanga bajeti wakihesabu harusi mbili kwa mwezi. Futa hiyo mistari. Ukimaliza masomo kuna viza ya wahitimu, miaka miwili, itakayopungua kuwa miezi 18 kwa watakaoiomba kuanzia Januari 2027.

Cheki na Hungaria hazina ubalozi Dar. Mtanzania ajiandae kwa safari ya Nairobi, pengine zaidi ya moja, na nauli ya basi na malazi aviweke kwenye bajeti ya maombi. Cheki pia wanataka vyeti vyako vya nyuma vitambuliwe rasmi huko kwao, jambo lenye makaratasi, tafsiri na mihuri. DocNomads ndio wenye mzigo mkubwa kuliko wote hapa: kila muhula nchi mpya, na kila nchi ina utaratibu wake wa kibali cha kuishi. Omba cheti cha polisi cha tabia njema nakala za kutosha kabla hujaondoka. Ukiwa Budapest, kukifuata Dar ni mtihani mwingine.

Njia nyingine, kwa haraka

Moscow kuna VGIK, ya mwaka 1919, kongwe kuliko zote duniani. Souleymane Cissé wa Mali alisoma pale, na Abderrahmane Sissako baadaye. Serikali ya Urusi hutoa nafasi za ufadhili zenye mwaka wa lugha. Kwa miaka ya wazee wetu ilikuwa njia kuu. Leo, kadi za benki za nje za Visa na Mastercard hazifanyi kazi huko tangu Machi 2022, na vita ipo. Mimi mdogo wangu nisingemtuma.

Beijing Film Academy ina miaka mingi pia, tangu 1950, na ufadhili wa serikali ya China hulipa ada na malazi na kutoa yuan 2,500 kwa mwezi kwa shahada ya kwanza, 3,000 kwa uzamili. Unacholipa wewe ni mwaka wa kujifunza Kichina. Kwa mtoto wa kidato cha sita mwenye subira, hii ni njia ya kweli, na inadharauliwa bila sababu.

Amerika Kaskazini ina mifano ya kwetu: Wanuri Kahiu alisoma UCLA, Los Angeles, kisha akaipeleka Kenya kwenye tamasha la filamu la Cannes kwa mara ya kwanza mwaka 2018; Amil Shivji alisoma York, Toronto, akarudi kupiga Zanzibar. Lakini NYU ya New York ada peke yake imepita dola 60,000 kwa mwaka, na masharti ya viza za Marekani kwa nchi zetu yamekuwa yakibadilika kila kukicha. Yasome siku unayolipa ada ya maombi, siyo mwaka uliopita.

Afrika Kusini, chuo cha filamu cha AFDA huchukua wanaotoka sekondari, Kiingereza, kwa ada ya kulipa mfukoni, na tasnia ya huko inaajiri. Kwa wazazi wenye uwezo wa kati wanaotaka mtoto asome shahada ya kwanza ya filamu na aweze kurudi Krismasi, sioni ya kuipita.

Ningemwelekeza nani wapi

Mwenye shahada yoyote, chini ya miaka thelathini na tano, bila mtoto wa kumwacha, na anapenda watu wa kweli kuliko waigizaji: DocNomads, na aombe miaka miwili mfululizo kabla hajakata tamaa. Akikubaliwa bila ufadhili, aiache. Kwa pesa hiyo anaweza kutengeneza dokumentari mbili hapa.

Mwenye miaka kumi kazini, fundi wa kitu kimoja, na mwajiri au familia inayoweza kubeba mzigo: Beaconsfield, kwa fani yake ileile, siyo uongozaji. Kwa mkopo, hapana. Sijaona mshahara wa filamu Afrika Mashariki unaorudisha mkopo wa pauni.

Mwenye miaka kumi na tisa au ishirini, hana haraka, anapenda kamera au meza ya kuhariri, na hasikii vibaya kuwa bubu mwaka mzima: Prague kwa Kicheki. Asiende na FAMU International kwa kudhani ni ileile ya bure.

Yule kijana wa Sinza ana shahada ya ualimu wa historia, kitu ambacho hakikumjia akilini kukitaja mpaka nilipouliza. Tukafunga kurasa nane kati ya zile kumi na moja. Maombi ya Erasmus Mundus kwa kawaida hufungwa kati ya Desemba na Februari, kwa hiyo tumepanga hivi: pasipoti na nakala za matokeo ya chuo mwezi huu, filamu ya dakika sita iwe imepigwa kabla mvua za vuli hazijaanza, maelezo ya chini ya picha kwa Kiingereza yakaguliwe na mtu asiyemjua, barua za wadhamini ziombwe Oktoba. Filamu anataka kuipiga kwa bibi yake Kisarawe, anayekataa kuhama nyumba iliyowekewa alama ya X ya barabara. Nimemwambia droni aiache ofisini.